Mdomo Nyuma ya Kitenge

"Mama Violet, mbona mzee leo anacheka kwa upande mmoja?"

Loisi aliuliza hivyo juu ya ukuta wa matofali uliotenganisha nyua zao, mikono yake imejaa unga wa maandazi. Ilikuwa saa moja asubuhi mjini Tunduma, Jumanne, wiki ile mpaka wa Nakonde ulipofungwa kwa ajili ya corona. Osward alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, anavaa viatu vya kazi, na Loisi alikuwa amemtania kama kawaida yake: "Mzee wa kanisa, foleni ya malori imefika hadi kule Mpemba! Safari hii kwa maturubai hayo si utatujengea ghorofa mtaani?" Osward akacheka. Kicheko kikaishia nusu ya uso.

"Chunga maandazi yako yasiungue, Loisi," Fides alijibu bila kugeuka. "Nyuso za waume wa watu waachie wake zao."

"Haya, yaishe. Mimi nimeuliza tu." Loisi akarudi kwenye karai lake.

Walikuwa na miaka kumi na mmoja ya ujirani, na Fides alimjua. Mtaa mzima ulimwita Loisi redio. Ukimpa habari saa moja, saa mbili inasikika sokoni. Ndiyo maana Fides hakugeuka haraka. Alimaliza kuanika shati, akalibana na kibanio, kisha ndipo akamtazama mumewe.

Kona ya kulia ya mdomo ilikuwa imeteremka, kama kona ya pazia lililochomoka kwenye kibanio. Mate membamba yalikuwa yanashuka kidevuni na mwenyewe hakuyasikia. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya kamba za kiatu, umetulia, kama mkono wa mtu aliyesahau alichokuwa anafanya.

"Baba Violet?"

"Ni... nime... lalia vi-baya," alisema Osward. Maneno yalitoka mazito, yamebanana.

Fides alitazama ukutani. Loisi alikuwa ameinamia karai. Akamshika mumewe kwapani, akamwingiza ndani, akafunga mlango.

* * *

Osward alikuwa fundi wa maturubai. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo hayakosi turubai lililochanika, na yeye alikuwa na sindano ndefu iliyopinda, uzi wa nailoni, na kibanda cha mabati karibu na barabara. Tangu corona iingie, watu walianza kumpisha njia. Dukani walimwambia asogee nyuma kidogo, mzee, samahani. Kanisani, benchi lake la wazee lilibaki na nafasi pande zote mbili. Yeye alicheka tu: "Nimepata ukubwa. Nakaa benchi peke yangu kama mkuu wa wilaya."

Vidonge vyake vya presha vilikwisha tangu Pasaka, naye hakwenda kuchukua vingine. Mwaka ule nani alipenda kwenda hospitali? Watu walisema ukiingia na kichwa unatoka na corona, kama unatoka.

Sasa Fides alimkalisha kitandani, akambandikia chai ya tangawizi na limao. Alipomnywesha funda la kwanza, Osward alipaliwa. Akakohoa mpaka macho yakatoka machozi. Funda la pili vilevile. Kikohozi kikavu, kirefu, kinachopenya ukuta.

Mungu wangu, Fides akawaza, imeingia.

Lakini chini ya wazo hilo kulikuwa na jingine, na hilo la pili ndilo lililomfanya akae kitako sakafuni.

Mwezi wa kwanza, kule Hasamba kwao Osward, ukoo ulikaa kugawa shamba la kahawa la marehemu baba mkwe. Marta, dada yake Osward, mwanamke aliyerudi kwao na watoto wanne baada ya kuachwa, alisimama mbele ya wazee akasema baba alimpa miche ya upande wa mtoni kabla hajafa. Wazee wakamgeukia Osward, mtoto wa kwanza, mzee wa kanisa. Wakaleta Biblia. Osward akaweka mkono wake wa kulia juu yake akasema, "Baba hakumpa Marta kitu."

Marta hakupiga kelele. Alimpita kaka yake akamwambia mbele ya watu wote: "Kaka, mdomo uliosema hivyo juu ya Biblia hauwezi kubaki umenyooka. Tutauona."

Na Fides, aliyekuwa amekaa na wanawake karibu na majiko, alitazama chini. Kwa maana yeye ndiye aliyemuuguza mzee yule siku za mwisho. Yeye ndiye aliyekuwa anamfuta midomo mzee alipomshika Osward mkono akasema, kwa Kinyiha, taratibu lakini waziwazi, kwamba kule mtoni ni kwa Marta. Watu watatu chumbani. Mmoja amekwisha kufa, mmoja ameapa, na mmoja amenyamaza.

Sasa mdomo ulikuwa umepinda.

Kama angekuwa na hakika kwamba mumewe alisema kweli, angetoka nje na kupiga yowe, na Loisi na mtaa mzima wangekuja wakambeba mgonjwa wakati uleule. Hakupiga yowe. Alichukua sufuria kubwa.

* * *

Kila nyumba mwaka ule ilikuwa na sufuria yake ya kujifukizia. Fides alichemsha majani ya mikaratusi, mchaichai na maganda ya malimao, akaiweka sufuria kati ya miguu ya Osward, akamfunika blanketi mbili. Akamshika mabega asianguke, maana alikuwa anaelemea kulia. Chini ya blanketi mgonjwa alikohoa na kunguruma.

"Vumilia, Baba Violet. Bwana ataiondoa."

Simu ikaita. Ilikuwa Violet, binti yao, aliyeolewa Nakonde. Kabla ya mpaka kufungwa, kutoka kwake hadi kwa wazazi ilikuwa safari ya mguu, hata chai haijapoa.

"Bamayo, mama yangu, mwaamkaje? Nipe baba nimsalimie."

"Baba yako anajifukiza."

"Anaumwa?"

"Mafua kidogo."

"Mpe simu, mama, nimsikie tu."

Fides akaingiza simu chini ya blanketi. Akamsikia mumewe akijaribu. Zilitoka sauti, si maneno. Kama mtu anayeongea na kitambaa mdomoni. Alipoichukua simu, Violet akasema polepole, "Mama, baba anaongea kama mlevi. Baba hanywi. Mpeleke hospitali sasa hivi. Mama? Unanisikia? Mimi siwezi kuvuka, wameweka askari. Mpeleke."

Osward alipotolewa kwenye blanketi alikuwa anatiririka jasho, uso mwekundu, paji la uso linaunguza mkono. Mguu wa kulia haukumbeba. Ilikuwa imefika saa nne. Hakukuwa na namna tena, ilibidi usafiri, na mwenye gari waliyemjua alikuwa mmoja: Sebastian, mtoto wa baba mdogo wa Osward, mwenye Probox ya kubeba abiria. Sebastian alikuwepo Hasamba siku ile ya Biblia. Alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Juu ya cherehani kulikuwa na barakoa alizokuwa Fides anawashonea wanakwaya, vitenge viwili viwili na lastiki. Alichagua moja ya kijani yenye maua ya njano, ile kubwa kuliko zote. Akaipitisha masikioni mwa mumewe, akaivuta hadi chini ya macho. Ilikuwa inapwaya upande wa kulia, mdomo ukachungulia. Basi akaketi kwenye cherehani, akakanyaga pedali, akapunguza lastiki nusu inchi, akamvalisha tena.

Safari hii ilikaa barabara. Ungemwona Osward ungesema ni raia mwema anayefuata maagizo ya wataalamu.

Jicho lake la kushoto lilimtazama mkewe. Akainua mkono wa kushoto, akauelekeza mdomoni, kwenye kitambaa. Fides akaushika ule mkono, akaushusha.

"Iache hapo," alimwambia. "Iache, watatusema."

* * *

Loisi alikuwa langoni wakati Sebastian na Fides wanamwingiza mgonjwa garini. Alikuwa ameshika kitambaa cha kufunikia maandazi, hakujua akipeleke wapi.

"Mama Violet, nije nikusaidie kumshika?"

"Ni corona, Loisi," Fides alisema. "Kaa mbali."

Alishangaa mwenyewe jinsi neno lile lilivyotoka kirahisi. Corona haikuwa aibu ya mtu. Ilitoka Uchina, ilipita kwa matajiri na kwa wachungaji. Haikuuliza nani aliapa nini Hasamba.

Kwenye kituo cha afya, upande wa juu wa mji, getini kulikuwa na ndoo ya maji ya kunawa, kamba ya katani iliyofungwa kuzuia watu, na muuguzi mmoja aliyevaa koti la mvua la njano juu ya sare, maana mavazi rasmi ya kujikinga yalikuwa hayajawatosha. Alikuwa amesimama pale tangu alfajiri na miguu ilikuwa inamuuma.

"Simama hapo hapo, mama. Mita moja. Baba hapo pia." Akanyoosha mkono mrefu kadiri alivyoweza, akaelekeza kibunduki cha kupimia joto kwenye paji la uso la Osward. "Thelathini na nane na nusu. Anakohoa?"

"Anakohoa."

"Tangu lini?"

"Leo asubuhi."

"Anafanya kazi gani?"

"Fundi maturubai."

"Ya malori?"

"Ya malori."

Muuguzi akarudi nyuma hatua mbili, na watu waliokuwa kwenye foleni ya kliniki nao wakarudi nyuma, mama mmoja akamfunika mtoto wake uso kwa kanga.

"Dada, amejifukiza sasa hivi," Fides alisema. "Ndiyo maana ana joto."

"Wote mnasema hivyo. Mbona hasimami vizuri?"

"Amechoka."

"Dalili nyingine? Mafua, kuharisha, kuumwa kichwa? Kuna kingine chochote?"

Neno lilikuwa ulimini mwa Fides. Neno moja tu, mdomo, na mtoto mdogo anaweza kulitamka. Lakini nyuma yake, akiwa amemshika Osward kiunoni, alisimama Sebastian. Alisikia pumzi yake. Akaona jinsi habari itakavyopanda Probox ile kwenda Hasamba, itakavyoshuka kijiji cha Ruanda kwenye soko, itakavyofika Itaka kabla ya Jumapili: mzee wa kanisa amepinda mdomo. Tuliwaambia.

"Hakuna kingine," alisema.

"Apelekwe kwenye hema. Wewe huingii. Na barakoa asivue, umesikia baba? Usiivue kabisa, utawaambukiza wenzako."

Osward alinguruma kitu.

"Anasemaje?"

"Anasema asante," alisema Fides.

* * *

Hema lilikuwa nyuma ya jengo: turubai la lori lililotandazwa juu ya nguzo za mikaratusi, vitanda vitano, wagonjwa wengine wawili. Fides alikaa nje ya kamba, juu ya jiwe, kutwa nzima. Kona ya turubai ilikuwa na kiraka, na mshono wa kiraka ulikwenda hatua mbili mbele, moja nyuma. Aliutambua. Hakuna fundi mwingine Tunduma aliyepoteza uzi kwa mshono wa namna hiyo.

Mara tatu muuguzi alipita na sahani ya uji au kikombe, akaviweka kwenye meza ya kiingilio na kuondoka haraka. Mgonjwa mmoja mwenye nafuu, kijana utingo wa lori, alijitolea kuwalisha wenzake. Fides alisikia kutoka ndani: "Mzee, meza. Meza, mzee. Ah, unamwaga." Kisha kikohozi. Alisimama, akaita, "Kijana, mpe taratibu!" Kijana akajibu, "Mama, nampa taratibu, mwenyewe ndiye hataki kumeza. Tena anarudisha barakoa mwenyewe. Mzee wako ana nidhamu kuliko sisi wote!"

Fides akaketi tena. Akaanza kuomba, akashindwa. Kila alipofika kwenye "utusamehe makosa yetu," alirudi kwenye cherehani, kwenye ile nusu inchi.

Asubuhi ya pili Loisi alikuja. Alikuja kwa miguu kutoka mtaani, chupa ya uji mkononi, barakoa aliyoshonewa bure na Fides mwenyewe ikiwa imemteremkia shingoni.

"Nilikwambia ukae mbali," Fides alisema.

"Ulisema mengi jana. Kunywa uji." Loisi akakaa kwenye jiwe la pili. Hakuanza kusengenya, hakuuliza nani yumo hemani. Baada ya muda akasema, "Mama Violet, wamemwona ule mdomo?"

Fides akakitazama kifuniko cha chupa.

"Nimeuliza tu. Maana baba yangu mimi ilianza hivyohivyo. Alianza kucheka upande, mchana akashindwa kushika jembe. Kiharusi. Jana nilipokuuliza nilitaka kukwambia, ukanirudisha kwenye maandazi yangu." Akamgeukia. "Hukuwaambia."

"Loisi, nakuomba, usije ukasema mtaani."

"Nisiseme mtaani!" Loisi akasimama. Redio ya mtaa ikamtazama jirani yake kwa uso ambao Fides hakuwahi kuuona. "Mwanamke, mimi mdomo wangu mrefu, najua. Wako huo mfupi ndio utakaokuua mtu."

Akaenda getini. Fides akamsikia akipaza sauti ileile ya kuuzia maandazi: "Dada! Dada muuguzi! Yule mzee fundi maturubai, mvueni barakoa mumtazame mdomo! Mdomo, nasema! Msimpime joto, mvueni!"

* * *

Daktari aliitwa Yesaya, kijana mwembamba mwenye macho mekundu. Alitoka hemani akiwa ameshika ile barakoa ya kijani kwa ncha za vidole. Ilikuwa imelowa.

"Nani mwenye Osward?"

"Mimi, mkewe."

"Mama, mumeo amepata kiharusi. Mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia havina nguvu, hawezi kuongea, hawezi hata kumeza. Presha yake iko juu sana. Hii imeanza lini?"

Sebastian alikuwa amefika, amesimama kando ya gari anasikiliza. Fides alimwona. Safari hii akasema.

"Jana. Saa moja asubuhi."

"Jana saa moja?" Daktari akafungua daftari. "Hapa mmeandikwa saa tano kasoro. Kikohozi na homa. Mdomo haumo."

"Sikuutaja."

"Kwa nini, mama?"

Fides aliitazama ile barakoa iliyolowa. Daktari akafuta uso kwa kiwiko. Hakuwa mkali. Ingekuwa heri angekuwa mkali.

"Sikiliza. Kiharusi dawa yake kubwa ni muda. Saa zile za mwanzo tungeshusha presha, tungemzuia asile wala kunywa chochote kwa mdomo, tungempeleka Mbeya kupigwa picha ya kichwa. Sasa chai na uji vimeingia kwenye mapafu. Kile kikohozi si corona, mama, au sidhani kama ni corona. Ni vile alivyonyweshwa."

"Mpelekeni sasa."

"Nimepiga simu. Amechukuliwa kipimo cha corona kwa kuwa alikuwa hemani. Dereva wa gari la wagonjwa hampakii mpaka majibu yarudi, na kule wanakompokea nao wanasema hivyohivyo. Majibu yanatoka mbali. Siku mbili, tatu."

"Hata Probox hii?" Sebastian aliuliza. "Mimi nampeleka."

"Ukimfikisha, watakuuliza cheti cha kipimo. Watakurudisha getini." Daktari akatazama chini. "Nitajaribu tena mchana."

Alijaribu tena mchana. Alijaribu na jioni. Walimpa Fides koti la mvua la njano, wakamruhusu kuingia hemani kwa dakika kumi. Osward alikuwa amelazwa ubavu, uso wazi. Mdomo ulionekana wote. Fides aliutazama kwa mara ya kwanza bila haraka. Haukuwa mdomo wa mwapa uongo wala wa mkweli. Ulikuwa mdomo wa mtu mzima aliyeumwa, midomo imekauka, unahitaji kulowanishwa kwa pamba.

Aliulowanisha.

"Nisamehe, Baba Violet. Nilikufunika."

Mkono wa kushoto wa Osward ukatambaa juu ya shuka, ukamfikia usoni, ukashika barakoa yake yeye Fides. Ukaivuta chini kidogo, hadi kidevuni. Akamtazama mkewe mdomo. Kisha mkono ukaanguka, na muuguzi akasema dakika zimekwisha.

Alikufa Alhamisi, saa nane mchana.

* * *

Alizikwa na watu sita waliovaa nyeupe, wasioonekana nyuso, katika makaburi ya halmashauri, si Hasamba. Ukoo uliruhusiwa watu kumi, wakaja wanne. Mchungaji alisoma kutoka mbali na upepo ukachukua nusu ya zaburi. Violet alisikiliza kwenye simu ya Sebastian akiwa ng'ambo, juu ya kijilima kule Nakonde ambako, alisema, angeweza kuona vumbi la makaburi kama angejua ni lipi.

Nyumbani hapakuwa na matanga ya kuitwa matanga. Mkeka ulitandikwa, moto ukawashwa, na Loisi akapika ugali wa watu ishirini uliokuja kuliwa na kuku. Watu walisimama barabarani wakapunga mikono: "Pole, Mama Violet! Tuko pamoja!" Loisi akawajibu, "Mko pamoja na barabara!" Lakini kuhusu mdomo hakusema neno, wala kwa hao wala kwa mwingine. Fides alimsikiliza siku nne akingoja, na redio haikutangaza.

Siku ya tano daktari Yesaya alipiga simu. Majibu yamerudi. Osward hakuwa na corona.

Ndipo watu walipoanza kuja. Walikuja na unga, na kuni, na machozi, wakanawa mikono kwenye ndoo ya getini, wakasema walijua tu, mzee yule hakuwa na corona, walijua tangu mwanzo. Miongoni mwao, Jumatano saa nne asubuhi, akaja Marta kutoka Hasamba na mfuko wa maharage kichwani. Aliacha kandambili mlangoni. Akaketi mkekani mbele ya Fides, akaondoa kitambaa kichwani, akalia kilio cha kwao, kirefu, mpaka wanawake wengine wakatoka nje kuwapisha. Akabaki Loisi tu mlangoni, na karai la vyombo.

"Wifi," Marta alisema alipomaliza, "sikumwona kaka yangu. Wameniambia alizikwa kama furushi. Niambie alivyoondoka, nipate kulala. Sebastian ananipa maneno ya kuficha, ananitazama pembeni. Alisema nini mwisho?"

"Hakusema kitu. Hakuweza."

"Kwa nini hakuweza?"

Loisi mlangoni akaacha kusugua. Fides angeweza kusema presha, na ingekuwa kweli. Daktari mwenyewe aliisema. Wifi yake angelala.

"Mdomo wake ulipinda," alisema Fides. "Jumanne ile, saa moja asubuhi. Loisi huyu aliuona kabla yangu. Mimi nikaufunika na barakoa, tena nikaikaza kwa cherehani, nikawaambia watu ni corona. Wakamweka kwa wenye corona. Siku nzima hakuna aliyejua anachoumwa. Nilikuwa najua mimi."

"Uliufunika kwa nini?"

"Kwa ajili ya yale maneno yako ya Hasamba."

Marta alimtazama kama anayetafuta ni maneno gani. Alipoyapata, mkono wake ulikwenda mdomoni.

"Yale?" alisema. "Wifi, yale yalikuwa hasira. Niliyatema pale nikayaacha palepale. Mwezi wa tatu nilimtumia kaka debe la maharage, hukula? Ningekuwa namlaani ningempa maharage?" Akapiga mkeka kwa kiganja. "Ungeniuliza. Ungenipigia simu tu ukaniuliza, ningekwambia mkimbize."

"Sikuweza kukuuliza."

"Kwa nini?"

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Fides alingoja shoka lishuke.

"Kwa sababu baba alisema kule mtoni ni kwako. Alisema kwa mdomo wake, siku tatu kabla hajafa. Osward alisikia. Mimi nilikuwa namfuta midomo, nikasikia. Siku ya Biblia nilikuwa pale kwenye majiko, Marta, na nilinyamaza. Nitakuja Hasamba niyaseme mbele ya wazee. Hata kesho. Sebastian atanipeleka."

Marta hakulia. Alikaa na mikono mapajani, mikono mipana iliyopasuka kwa kuchuma kahawa ya watu wengine. Midomo yake ikafunguka kidogo, kana kwamba kuna kitu kinakuja, na Fides akainua uso kukipokea, chochote kile, tusi, laana, au pole.

Midomo ikafungwa.

Marta akajifunga kitambaa chake kichwani, taratibu, ncha mbili nyuma. Akausogeza mfuko wa maharage karibu na miguu ya Fides, akahakikisha umesimama haumwagiki. Kisha akainuka, akapita kando ya Loisi na karai lake, akavaa kandambili, ya kulia, ya kushoto, akatoka nje, akaenda zake.